Kipimo cha Mtutu

Mtemi Kasongwa alikuwa na bunduki kubwa ya kuulia nyati, na mtutu wake mrefu ulikuwa ukinasa vichakani kila alipowinda. Siku moja akamwita Nyamizi, fundi wa bunduki, mbele ya baraza zima.

"Ukate mtutu huu ubaki shubiri moja," akasema. "Kisha risasi ya kwanza utaifyatua wewe mwenyewe."

Nyamizi alijua kwamba bunduki ile ikikatwa hivyo itarudi nyuma kwa nguvu na kumng'oa bega. Akapiga goti.

"Nitakata, Mtemi. Ila mtutu mfupi ni wa mwindaji anayemsogelea nyati. Wewe humpiga ukiwa hatua ngapi?"

Wake wa Mtemi walikuwa pale barazani wakisikiliza. "Ishirini," akasema Mtemi.

"Kwa ishirini nitapunguza kidogo tu. Wawindaji wa ng'ambo husimama hatua kumi."

"Mimi husimama tano."

"Hapo nitaukata mtutu nusu. Shubiri moja ni ya mtu anayegusa pua ya nyati."

"Pua?" Mtemi akacheka. "Mimi humshika pembe."

Baraza likapiga vigelegele. Nyamizi akauweka chini msumeno aliokuja nao.

"Basi nisiharibu chuma bure. Anayeshika pembe hahitaji mtutu wala risasi. Nyati dume yuko pale mtoni anakunywa maji. Twende tukashuhudie."

Watu wote wakasimama, ngoma zikaanza kulia. Mtemi akatazama mtoni, akamwona nyati akiinua kichwa. Akamwinamia Nyamizi sikioni.

"Fundi," akanong'ona, "mtutu huu huwezi kuurefusha?"