Wodi ya Majani

Kuna methali moja inayotuonya tusidharau leo kile ambacho kesho tutakililia. Gaspari aliijua vizuri. Shuleni, katika kambi ya wakimbizi Tanzania, aliwahi kupigiwa makofi kwa kuitamka bila kugugumia. Lakini kuitamka methali ni rahisi kama kumeza mate. Kuiishi ndiyo kazi.

Zamani hizo, Julai ilikuwa tamu kwa familia yake. Gaspari aliishi Buffalo, akibeba maboksi ghalani. Dada yake Fides alikuwa Louisville, na binti wa Fides, Joselyne, alisoma chuo kikuu Columbus. Kila Julai Fides alijaza gari watoto na unga wa ugali, akampitia Joselyne Columbus, wakapanda hadi Buffalo. Nje ya mji kulikuwa na ziwa dogo la mkulima mmoja wa Kizungu aliyewaruhusu kuvua. Humo waliishi paiki, samaki warefu wenye mdomo kama wa bata na meno kama msumeno. Waliwakaanga, wakawaunga kwa mawese, wakala kwa mkono huku wakitema miiba na kusimuliana habari za kambi. Siku hizo hata watoto, ambao nyumbani hujibu kwa Kiingereza, walisahau na kucheka kwa Kiswahili.

Mwaka 2012, siku moja kabla ya wageni kufika, Gaspari aliingia majini na fyekeo akaanza kufyeka majani ya ukingoni. Mama Agata, jirani yake, alimkuta amelowa hadi kiunoni. Mama huyo alikuwa mkunga kambini. Mikono yake ndiyo iliyompokea Joselyne duniani.

"We Gaspari! Majani yamekukosea nini?"

"Fides anakuja, mama. Mgeni hapokelewi na kichaka. Umesahau kambini? Uwanja wenye nyasi ni wa mvivu, tena una nyoka."

"Uwanja ni uwanja, ziwa ni ziwa. Mwezi wa nne niliona paiki wamejaa humo humo, wanajipindapinda. Mama anayetafuta pa kuzalia mimi namjua hata akiwa na magamba."

Gaspari akacheka hadi fyekeo likamponyoka. "Mama Agata, ukunga wako uliishia kambini! Huku kuna hospitali. Watu hawakuhitaji tena, sembuse samaki?"

Mama Agata alimgeuzia mgongo. Aliokota ndoo yake, akaondoka taratibu kama mtu aliyefukuzwa msibani.

Ukingo uling'aa kama uwanja wa kanisa. Fides alipiga picha, akamsifu kaka yake, naye Gaspari akavimba kichwa. Tangu hapo, kila theluji ilipoisha, alifyeka upya.

Mwaka uliofuata walipata paiki wakubwa tu, vizee vyenye makovu mdomoni, bila kijana hata mmoja. Mwaka 2014 walikaa na ndoano tangu asubuhi hadi jua likazama. Ndoo ikabaki na maji matupu. Watoto walirudi garini na simu zao. Fides alikaanga kuku wa dukani, kisha akasema asichotaka kukisema.

"Kaka, saa tisa nzima barabarani kwa ajili ya kuku? Kuku hata Louisville wapo. Mwakani labda tupumzike."

Gaspari aliona Julai zake zinamponyoka. Wazazi walibaki makaburini Tanzania. Kama ndugu hawatakutana hapa, watakutana wapi?

Joselyne, ambaye mwaka huo alikuwa amesoma habari za samaki chuoni, alikuwa anatazama ukingo kwa jicho jipya. "Mjomba, majani yalikwenda wapi?"

"Nimesafisha! Si unaona?"

"Naona. Paiki hajengi kiota, mjomba. Barafu ikiyeyuka anapanda kwenye majani yaliyofunikwa na maji, anabandika mayai humo. Majani yasipokuwepo, mayai yanafia topeni. Na vitoto vinajificha humo visiliwe. Louisville paiki hapawezi, maji ya moto. Hapa maji ni mazuri, basi tu, hawana pa kuzalia."

Gaspari akatazama fyekeo kama mtu anayetazama kisu chenye damu. Kesho yake alibisha kwa Mama Agata.

"Mama, nimekuja kwako."

"Una mimba?"

"Ziwa ndilo lina mimba, mama. Mimi nimebomoa wodi. Na wewe nilikutukana. Nisamehe."

Mama Agata alimwacha asimame mlangoni kidogo, ajue uzito wa tusi lake, kisha akamwekea chai. "Tupa fyekeo. Mkunga mzuri anajua pia kutofanya kitu."

Majani yakaachwa yaote. Aprili 2016 Gaspari na Mama Agata walisimama ukingoni, meno yakigongana kwa baridi. Katikati ya nyasi maji yakatikisika. Mgongo mrefu wa kijani ukapita, na mwingine nyuma yake. Mama Agata akaweka kidole mdomoni, kama alivyokuwa akifanya mlangoni pa kibanda cha kujifungulia.

Gaspari akampigia dada yake kwa kunong'ona. "Fides, njoo Julai. Lakini mwaka huu hatuvui, tunawaangalia tu."

"Saa tisa barabarani kuangalia majani?"

"Ndiyo."

Fides akacheka kile kicheko cha kambini. "Nyoka wapo?"

"Wapo."

"Basi nakuja na viatu vya mvua."

Ndipo Gaspari alipoielewa ile methali aliyopigiwa makofi utotoni: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.