Mkeka wa Tausi

Hapo zamani, zamani ambazo magoti yangu yalikuwa hayajaanza kunung'unika nikiinuka, palikuwa na kijiji kikiitwa Kwembilimbi. Sogeeni. Wewe mwenye karanga, tafuna polepole, hadithi isikike.

Huko Kwembilimbi posa ilikuwa na masharti yake. Mwenye kuposa hakwenda mwenyewe, alimtuma mshenga. Mshenga naye hakuruhusiwa kuuliza njia, maana akiuliza, kijiji kizima kitajua posa inakwenda nyumba gani, na wenye midomo watatangulia kuiharibu. Wala hakulitaja jina la binti. Akilitaja, watu watasema amekuja kuchagua kama anayechagua kuku. Alisema "binti wa nyumba hii", basi. Na siku hiyo baba wa binti alijificha shambani akajifanya hana habari, posa ikapokewa na mama. Mnaona? Kila kitu kimepangwa, hakuna pa kuharibika. Ngojeni.

Ng'ambo ya mto alikaa kijana mmoja mchonga mizinga ya nyuki, jina lake Mhina. Mhina alimpenda Mwanamvua, binti wa Mzee Kilua wa Kwembilimbi. Alimpenda sana, ila ulimi wake ulikuwa mzito, basi akaona asali imsemee. Kila Alhamisi alipita, akaweka sega la asali juu ya ua, limefungwa kwa jani la mgomba, akapiga mluzi, akaenda zake.

Juu ya ua upi? Hapo ndipo penyewe. Ua ule ulikuwa mmoja, umetenganisha nyumba mbili. Upande huu Mzee Kilua na mkewe na Mwanamvua. Upande ule Bi Nyange, mjane, na binti yake Tausi. Mluzi ukilia, wasichana wote wawili walitoka. Aliyewahi ndiye aliyekula.

Tausi akamwuliza mwenzake, "Shoga, hii asali anatuletea nani?"

Mwanamvua akaona haya. "Mimi najua wapi? Labda wapita njia wanasahau."

Tausi akawaza. Hakuna mpita njia anayesahau asali kila Alhamisi. Kama si ya Mwanamvua, basi ni yangu. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi Tausi alisuka nywele upya. Msicheke, na ninyi mngesuka.

Siku zikapita, Mhina akaamua kuposa. Akamwendea mjomba wake, Mzee Semboja, mshenga mwenye sifa zake. Semboja alikuwa amewaposea wenzake wanawake kumi na tisa. Mke wake mwenyewe alitafutiwa na mama yake, lakini hilo halisemwi mbele yake.

"Mjomba," alisema Mhina, "ukishapita kisima, utaona nyumba ya mlango wa buluu. Ni hiyo hiyo. Iko moja tu."

Na kweli ilikuwa moja tu, siku aliyosema.

Habari ya kwamba Jumamosi kuna wageni ikamfikia Mzee Kilua kupitia kwa mkewe. Kilua alikuwa mtu wa kupenda kuonekana. Akautazama mlango wake wa buluu, akauona umechujuka. Ijumaa asubuhi akaupaka kijani, kijani cha kung'aa. Kisha akaliona kopo la buluu limebaki stoo na rangi ndani, akamwita jirani yake, "Bi Nyange! Chukua hii, na wewe uupake mlango wako, usije ukaniaibisha mbele ya wageni." Bi Nyange akachukua, akapaka. Jioni, kwa Kilua mlango ulikuwa kijani, na kwa Bi Nyange ulikuwa buluu, bado unanata.

Jumamosi ikafika. Mzee Kilua akaenda kujificha shambani. Mkewe akapika chapati, na Bi Nyange, jirani mwema, akaja kumsaidia kusukuma, kisha akarudi kwake kupumzika. Mwanamvua akaoga, akakaa chumbani kungoja.

Akaja Mzee Semboja na kanzu yake na fimbo yake. Ng'ambo ya njia walikaa wanawake watatu wakipukuchua mahindi. Walijua posa inakwenda wapi. Posa ilikuwa siri, ndiyo maana kila mtu aliijua. Wakamwona Semboja amesimama mbele ya mlango wa kijani. Akainusa harufu ya chapati. Akautazama mlango. Akatikisa kichwa, akapiga hatua kumi, akagonga mlango wa buluu.

Mwanamke mmoja akafumbua mdomo amwite. Mwenzake akamfinya. "Nyamaza wewe, tuone." Wakacheka hadi mahindi yakamwagika.

"Hodi!"

"Karibu, baba," alijibu Bi Nyange. Akamtandikia mkeka, mkeka wa ukindu aliousuka Tausi kwa mikono yake.

Semboja akakaa, akakohoa kishenga. "Mama, sisi tulikuwa tunapita. Tukaona moto unawaka nyumbani kwenu, na kwetu kuna baridi. Tumekuja kuomba kijinga kimoja cha moto."

"Moto wa nyumba hii?"

"Wa nyumba hii."

"Una hakika, baba? Hapa hapa?"

"Mama, nimeposa mara kumi na tisa, sijakosea hata moja. Tunamtaka binti wa nyumba hii, kwa ajili ya kijana wetu Mhina, mchonga mizinga."

Bi Nyange akaitazama mikono yake. Unga wa chapati za jirani ulikuwa bado uko kwenye kucha zake. Kisha akainuka, akaenda ndani kumwuliza mwanawe.

Desturi ilitaka binti anyamaze, na kunyamaza ndiko kukubali. Tausi hakunyamaza. Aliposikia kwamba anayeposa ni mchonga mizinga, akajua ndiye mwenye asali, akasema "Namkubali!" kwa sauti iliyofika kisimani. Basi Bi Nyange akamfunga Semboja kanga mpya mabegani, kwa kuwa kanga ndiyo jibu, na Semboja akarudi kwao anatembea kama bwana harusi mwenyewe.

"Amekubali!" alimwambia Mhina. "Tena kwa sauti! Binti mrefu, ana mwanya, nilimwona akichungulia."

Mhina akakaa chini. Mwanamvua alikuwa mfupi, na meno yake yamebanana.

Kwa Kilua chapati zilipoa. Mwanamvua alikaa chumbani hadi jua likazama, akilia kimya kimya. Baba yake alikuwa bado shambani, amekaa juani mchana kutwa, anangoja kuitwa, ngozi ya pua imeanza kubanduka.

Sasa sikilizeni sharti la mwisho. Kanga ya posa ikishafungwa, haifunguliwi hivi hivi. Mwenye kosa huirudisha yeye mwenyewe, mchana kweupe. Hukaa kwenye mkeka ule ule, mbele ya binti yule yule, akasema, "Kosa ni langu." Na akishasema, mwaka mzima hana kauli katika posa yoyote, yake wala ya mtu mwingine.

Jumapili asubuhi wakakusanyika uani kwa Mzee Kilua, kumtafuta wa kwenda kukaa.

"Kosa si langu," alisema Mzee Semboja, na kidole alichonyoosha kilikuwa buluu, maana rangi haikutoka. "Niliambiwa mlango wa buluu, nikagonga mlango wa buluu. Kuuliza njia nimekatazwa. Kutaja jina nimekatazwa. Mlitaka ninuse?"

"Ulinusa!" alisema mke wa Kilua. "Chapati zangu ulizinusa, ukaziacha!"

Kilua akakohoa. "Kosa si langu. Mlango ni wangu, rangi ni yangu. Nimpambie binti yangu nyumba, halafu niwe mkosaji? Nikampa jirani rangi kwa wema. Tangu lini wema ukawa kosa?"

"Kosa si langu," alisema Bi Nyange. "Mgeni amepiga hodi kwangu. Nimemwuliza mara mbili, hapa hapa? Kasema hapa hapa. Nimfukuze? Nimwambie, baba, binti yangu hafai kuposwa, nenda kwa jirani? Mnieleze, mama gani atasema hivyo?"



Mwanamvua akasema kutoka dirishani, "Kosa si langu. Nilifundishwa kwamba msichana mwenye adabu hasemi anayempenda. Sikusema. Mimi ndiye niliyelia, na bado mnanitazama?"

Wote wakamgeukia Mhina.

"Mimi sikwenda," alisema Mhina. "Desturi inanizuia. Nilisema ukweli siku niliyousema. Na nikienda kukaa mkekani leo, mwaka mzima siwezi kuposa. Mzee Kilua, utaningojea?"

"Wapo wengine wanaongoja," alisema Kilua.

"Basi mnataka nimpoteze Mwanamvua kwa ajili ya kopo la rangi?"

"Na ile asali?" aliuliza Bi Nyange. "Uliiweka juu ya ua wa watu wawili, mwaka mzima. Hukujua kwamba upande wa pili kuna mtu?"

Mhina akatazama chini.

Wakaanza tena. Wee! Mshenga akamrushia kosa mchonga mizinga, mchonga mizinga akamrushia mwenye mlango, mwenye mlango akamrushia mpokea rangi, mpokea rangi akamrudishia mshenga. Sauti zikapanda. Na ua ule, nimewaambia, ulikuwa mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba nyuma yake palikuwa na mtu anaosha vyombo.

Vyombo vikaacha kugongana. Lango likafunguka. Akaingia Tausi, nywele zimesukwa upya, na mkeka umekunjwa kichwani. Akautandika katikati yao. Akaunyoosha pembe zote nne.

"Nimewapunguzia mwendo," alisema.

Akarudi nyuma hatua moja, wote wauone.

"Mhina simtaki tena. Mtu anayeweka asali asijue inaliwa na nani, atanipa nini? Shoga yangu Mwanamvua, umchukue, nakuombea heri. Lakini jana niliimba nikichota maji. Watu waliniuliza kuna nini, nikawaambia. Kisima kizima nimekiambia." Hapo akainama, akaunyoosha tena mkeka uliokwisha kunyooka. "Mimi niliulizwa nikajibu. Hilo si kosa. Namtaka mwenye kosa akae hapa, anitazame, aseme. Mmoja tu. Kisha nitaukunja mkeka wangu niende."

Akamtazama Mzee Semboja. Semboja akajikuna rangi kwenye kidole. Tausi akamtazama Mzee Kilua, naye akautazama mlango wake, ulivyong'aa. Akamtazama mama yake mzazi, na Bi Nyange akaanza kulia. Akatazama dirishani, pazia likashuka. Akamtazama Mhina. Mhina alipiga hatua moja kuelekea mkekani, akaangalia dirisha, akasimama.

Kisha Tausi akatazama ng'ambo ya njia, walikokuwa wamesimama wanawake watatu na ungo wa mahindi, wamekuja kusikiliza. Hao nao hawakucheka siku hiyo. Mmoja wao, yule aliyemfinya mwenzake, alitaka ardhi ipasuke aingie. Nawaambia kwa sababu ninamjua vizuri. Ninamwosha uso kila asubuhi.

Ndiyo, mimi. Mnashangaa nini? Mlidhani hadithi hii nimeambiwa na nani?

Haya. Nimeisimulia mara nyingi, na kila nikifika hapa siwezi kuendelea. Mkeka umetandikwa. Kanga iko mikononi mwa Mzee Semboja. Tausi amesimama, anangoja. Msiniambie "wote", maana mkeka ule ni mdogo, unatosha mtu mmoja, na yeye ametaka mmoja. Wewe mwenye karanga, anza wewe. Je, nani alistahili kukaa?