Ng'ombe Mweupe wa Nambike

Hivi, wajukuu zangu, mnajua kwa nini huku kwetu Upareni wazee husema, "Aliyeahidiwa mlango haapishwi"? Methali hii ilianza hivi.

Zamani mtu asiyejulikana alibomoa ukingo wa ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Maji yote yakateremka bondeni, maharage yakanyauka. Akakamatwa Senkondo, mwana wa Nambike mfinyanzi, kwa kuwa aliwahi kugombania zamu ya maji. Ushahidi haukuwepo. Mfumwa, yaani chifu wetu, akatangaza kifungoni kwamba atakayemsikia Senkondo akikiri atafunguliwa mlango atoke. Haikupita siku, Kajiru mwizi wa mbuzi akasema amemsikia. Akaapishwa, akaaminiwa, na baraza likaamua Senkondo afukuzwe milimani.

Mfumwa alimwonea mama yule huruma, akamwambia anaweza kumsamehe kijana wake. Nambike akakataa.

"Msamaha ni wa mkosaji, Mfumwa. Mimi nataka useme mbele ya watu kwamba mwanangu hana hatia."

Kisha akaomba jambo moja dogo kabla Kajiru hajafunguliwa. Mfumwa alicheka, lakini akakubali. Basi askari akawatangazia wafungwa kwamba yeyote aliyemsikia Senkondo akijisifu kumchinja ng'ombe mweupe wa mama yake, naye atatoka.

Loo, wote walikuwa wamesikia! Walipoletwa barazani, mmoja alieleza pembe zilivyopinda kama mundu. Mwingine alijua nyama iliuzwa wapi. Kajiru ndiye aliyewashinda: aliapa kwamba Senkondo alimsimulia hata utamu wa ini.

Nambike akasimama, udongo wa vyungu ungali umemkaukia mikononi.

"Wazee wangu, nani amewahi kuona ng'ombe kwangu?"

"Ng'ombe gani," mzee mmoja akajibu, "mama huyu hata kuku hana."

Baraza likaangua kicheko. Nambike hakucheka.

"Ng'ombe huyo nimemfinyanga mimi jana, kwa ulimi. Na hawa wamemla mpaka ini. Habari za ndiva mlizipata kwa nani, kama si kwa huyuhuyu Kajiru?"

Kicheko kikakatika. Nambike akaenda kusimama kando ya mwanawe, kichwa juu kama aliyebeba chungu kilichojaa, akangoja. Mfumwa akainuka kitini, akavua kofia yake.

"Senkondo hana hatia," alisema. "Kosa ni langu. Aliyeahidiwa mlango haapishwi."