Kwa Nini Mpiga Ramli wa Uchina Huchora Mara Mbili

Zamani za kale, katika nchi ya Wachina, mpiga ramli alichora umbo moja tu. Aligawa vijiti vyake, akapata mistari sita, mingine mizima na mingine iliyokatika katikati, akaipanga kutoka chini kwenda juu, kisha akatamka jibu. Aliyekuja kuuliza alishukuru akaenda zake. Nani angethubutu kumhoji? Mjuzi ni mjuzi, hata akiwa mwongo.

Wakati huo aliishi mwanamke aitwaye Ruolan, bondeni, chini ya tuta lililozuia mto. Mvua ilikuwa imezidi, lakini mtawala alitaka mtama uvunwe kwanza ndipo watu wakimbilie mlimani. Dai, mumewe Ruolan, alipangwa kulinda tuta. Basi Ruolan akaenda kwa Guan Heng, mpiga ramli wa mtawala, kuuliza kama tuta litahimili.

Guan Heng akachora. Mistari mitatu ya juu ilikuwa ishara ya maji, mitatu ya chini ishara ya ziwa: maji yaliyotulia ndani ya mipaka yake. Lakini kando ya mstari wa chini kabisa, uliokuwa mzima, alitia kiduara, kisha upesi akakifunika kwa mkono mpana wa joho lake. Ruolan alipouliza kiduara kile ni cha nini, aliambiwa hayo si ya wanawake. Tuta litasimama, arudi nyumbani akavune.

Kesho yake tuta lilibomoka kuanzia chini. Dai alikwenda na maji, na hata mwili wa kuzika haukupatikana.

Ruolan hakulia. Hasira ilimkausha machozi. Aliingia barazani kwa mtawala akiwa na tope hadi magotini, akachora mavumbini mistari ile sita pamoja na kiduara, akamtaka Guan Heng aseme maana yake mbele ya watu.

Guan Heng akababaika. Mwisho akakiri kwamba kiduara ni alama ya mstari uliofika ukomo wake, na kilichofika ukomo hugeuka. Mzima hukatika. Ruolan akaufuta mstari ule katikati kwa kisigino. Pale palipokuwa na ziwa pakawa na maji: maji juu ya maji, hatari juu ya hatari.

"Ulijua," Ruolan akasema.

"Bwana alitaka mtama wake."

Mtawala akainamisha macho. Ruolan akalishika joho la Guan Heng, akauchana ule mkono wa joho mpaka begani.

"Umeniulia mume kwa kipande cha kitambaa," akasema.

Na tangu siku hiyo, mpiga ramli wa huko hukunja mikono ya joho mpaka viwikoni kabla ya kugusa vijiti. Huchora umbo la kwanza, huonyesha kwa kidole mstari unaogeuka, kisha huchora la pili kando yake, lenye yale yajayo. Akisita, aliyekuja kuuliza humwamuru achore. Watawala walilipenda umbo la kwanza, na mpaka leo wanalipenda. Lakini hawaulizwi tena.