Difu Mpya, Kelele Palepale

Ndugu zangu, kabla hatujaenda mbali, nyanyueni mikono wale mliowahi kupeleka gari gereji. Haya, shusheni. Na wale mliotoka gereji mkiwa na amani moyoni? Naona mkono mmoja tu, na huyo mnamjua, ni fundi mwenyewe.

Basi huko milimani palikuwa na baba mmoja, mkulima wa viazi, mwenye pikapu kuukuu. Pikapu hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wake, na ndiyo iliyowahisha wagonjwa wa kijiji hospitali. Binti yake mkubwa alipochumbiwa alisema, "Baba, mimi sitaki gari la kukodi. Utanishusha kanisani na hii hii iliyonilea." Yule baba alifurahi mpaka akajifanya ana vumbi machoni.

Lakini kanisa liko bondeni, na njia ya kushuka huko ni kona tupu, na difu ya pikapu ilikuwa imekwisha. Difu, kwa sisi tunaotembea kwa miguu, ni lile bonge la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Ndani yake mna gia zinazozungusha tairi. Za kwake zilikuwa zimelika meno, gari likipanda mlima linalia kama mbwa aliyefungiwa nje.

Akaenda kwa fundi. Fundi huyo walikua pamoja tangu utotoni, na ndiye aliyemsimamia siku anaoa. Fundi akafungua difu, akatoa gia za zamani, akafunga mpya. Na desturi yetu mnaijua. Ukibadilishiwa spea, unadai ile ya zamani uondoke nayo. Ya kufanyia nini? Hata mwenyewe hujui. Unataka tu uwe na ushahidi mkononi, usije ukaambiwa imebadilishwa kumbe imefutwa vumbi. Fundi hakukasirika, amezoea. Akampa gia kubwa ya zamani, chuma kizito chenye meno pande zote, kipana kama sahani ya wali. Yule baba akaisukuma nyuma ya kiti, akashukuru, akaondoka.

Hakufika mbali. Barabara ilipokuwa nzuri na mwendo ukakolea, akasikia uuuuu, sauti nyembamba inayoingia mpaka kwenye meno. Akipunguza mwendo inanyamaza. Akiongeza inarudi. Akageuza gari.

Fundi akamwuliza, "Inalia ukikanyaga mafuta, au ukiachia?"

"Zote mbili. Ikishika mwendo inalia tu."

"Na kwenye kona, haibadiliki?"

"Ile ile."

Fundi akakuna kichwa. "Ajabu. Gia ikiwa na kasoro hubadili sauti ukiachia mafuta. Beringi ya gurudumu nayo hubadilika ukikata kona. Hii yako haijali chochote."

Hata hivyo akalipandisha gari kwenye jeki, akafungua difu, akapaka meno rangi, akazungusha aone yanagusana wapi. Yaligusana katikati, panapotakiwa. Akafunga, akawasha gari hewani, magurudumu yakazunguka kimya. "Gari lako ni zima," akasema.

Yule baba akajibu kwa mkato, "Ya hewani si ya barabarani." Akaondoka, na kabla ya kufika kwake, uuuuu.

Hapo ndipo shetani alipopata kiti cha kukalia. Akaanza kukumbuka mambo. Mbona fundi alimkataza asisimame karibu wakati anafunga? Mbona alicheka? Jumapili kanisani akakaa benchi la upande wa pili, mbali na fundi. Mke wake akamwambia, "Baba watoto, unamnunia mtu aliyetusimamia harusi?"

"Sikumnunia," akasema. "Naogopa. Nimweke binti yangu kwenye gari linalolia, difu ishikane kwenye kona zile, nitamwambia nini Mungu?" Na kweli aliogopa, hakuwa anasingizia. Ila alikuwa pia amemnunia.

Siku moja kabla ya harusi akaingia gereji bila kusalimia. Akavuta ile gia ya zamani kutoka nyuma ya kiti, akaibwaga mezani mpaka spana zikaruka. "Nirudishie hii kwenye difu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Fundi akaitazama gia, akamtazama rafiki yake. Kilichomuuma si ile gia. "Nitakurudishia," akasema polepole. "Lakini kwanza nipeleke barabarani nikaisikie mwenyewe. Nikishaisikia, sitabishana na wewe."

Wakaondoka wawili, yule baba kwenye usukani, fundi akitazama dirisha lake. Barabara ikanyooka. Mwendo ukashika. Kimya. Yule baba akakanyaga zaidi. Kimya. Akaachia mafuta, akakanyaga tena, akakata kona, akapanda kilima na kushuka. Kimya, ndugu zangu, gari linakwenda kama limelala.

"Inalia wapi?" fundi akauliza.

"Ilikuwa inalia. Wallahi ilikuwa inalia." Mkristo mzima, amebanwa mpaka anaapa kwa Kiswahili cha jirani.

Fundi akageuka akaangalia nyuma ya kiti. Bati lilikuwa limekwaruzwa, alama za meno, mstari baada ya mstari. "Ile gia ya zamani umekuwa ukiiweka hapa?"

"Ndiyo."

"Leo iko mezani kwangu, na bati limenyamaza. Siku zote hizi unatembea nayo. Ya nini?"

Yule baba akasimamisha gari pembeni. Alijua ya nini. Alikuwa anatembea nayo ili difu ikiharibika awaonyeshe watu. Akainamisha kichwa kwenye usukani, na fundi akadhani analia, kumbe anacheka, halafu kweli akalia, maana mzigo wote ulimtoka kwa mkupuo. Binti yake atashuka salama. Na rafiki yake hakumwibia. "Nisamehe," akasema. Fundi akajibu, "Twende bwana, kesho tuna harusi." Na kesho yake alikaa naye mbele, bibi harusi katikati yao, wakashuka kona zote kimya. Ile gia leo inazuia mlango wa gereji usipigwe na upepo.

Sasa tusimcheke sana. Wewe umesema umemsamehe mumeo. Umesema hapa hapa, mbele ya madhabahu. Mbona lile kosa la mwaka juzi bado umelibeba? Wewe mzee, ulimpa mdogo wako mkono mkapatana shambani. Mbona ushahidi wako hujautupa? Tunaweka mambo yetu nyuma ya kiti, eti ikitokea lolote tuwe na cha kuonyesha. Halafu amani ikikosekana nyumbani tunasema msamaha ule haukuwa wa kweli, Mungu hakufunga vizuri, afungue tena.

Mungu alifunga vizuri. Leo ukifika nyumbani, kabla hujamlaumu mtu, geuka utazame nyuma ya kiti chako. Kisha shuka, ukaitue hiyo gia yako ya zamani.