Mjane wa Shamba la Tope

Ndugu zangu, na nyinyi kina mama huko nyuma ya pazia, leo nimekuja na habari ya mwanamke mmoja. Niazimeni masikio, sitawachelewesha.

Mwanamke huyu jina lake Mwajabu. Aliishi huko kwenye delta, mto unapomwaga maji yake baharini, na mumewe alifariki akamwachia watoto ambao bado wanafungwa vifungo vya shati. Marehemu alikuwa na shamba la mpunga kwenye mwinuko, udongo wa mto ule mzuri, ukiushika mkononi unavunjika wenyewe. Eda ilipokwisha, akaja shemeji yake, Mbonde, kaka mkubwa wa marehemu.

"Shemeji," akasema, "huku juu nitalima mimi. Wewe mwanamke, utaliweza wapi? Chukua kule chini, karibu na mikoko. Na kule nako ni shamba."

Na kule nako ni shamba! Nani kati yenu amewahi kuingia kwenye lile tope? Unakanyaga, mguu unazama mpaka gotini. Unauvuta, kiatu kinabaki. Ukichimba shimo, kabla hujapumzisha jembe limeshajaa maji, na maji hayo hayaendi chini, hayaendi pembeni, yanakutazama tu. Udongo wake wa kijivu, unanata kama ugali mbichi, na unanuka yai viza. Bahari inapojaa inaingia humo, inapokupwa inatoka nusu, nusu nyingine inabaki. Jua likikaza, juu panaota chumvi nyeupe. Hilo ndilo shamba alilopewa mama wa yatima.

Mwajabu hakupiga kelele. Labda ingefaa apige, nitafika huko. Alichukua mbegu, akaotesha kitalu, akaenda kupandikiza. Watu wakipita juu wanamcheka: "Mwajabu, humo utavuna kaa!" Na kweli, mpunga ukageuka njano, ukalala, ukafa.

Aling'oa shina moja akalitazama. Mizizi ilikuwa myeusi, imeoza. Akageuka akautazama mti wa mchu, jamii ya mikoko, uliokuwa pembeni, umesimama kijani kwenye tope lile lile. Akaona vile vimizizi vyake vinavyochomoza juu ya tope kama vidole, vinatafuta hewa. Pale akaelewa. Mpunga wake haukufa kwa kiu, maji yalikuwa tele. Ulikufa kwa kukosa pumzi, na chumvi ikamalizia.

Mngefanya nini nyinyi? Wengi wetu tungekunja mkeka tukarudi kwa wazazi. Mwajabu alikunja sketi. Akaanza kujenga tuta, tope juu ya tope, kuizuia bahari. Bamvua ikaja na maji yake makubwa, ikalibomoa. Akajenga tena, safari hii akalishindilia kwa fito za mikoko. Akatoboa gogo la mvumo, akalilaza chini ya tuta liwe mlango wa maji. Mvua ikinyesha, anayaacha maji matamu yakae shambani yaioshe chumvi, bahari ikikupwa anazibua gogo yatoke. Bahari ikijaa, anaziba kwa gunia. Kila siku anakwenda, awe mzima, awe na homa. Anaingiza, anatoa, lakini shamba haliachi likauke.

Kwa nini haliachi likauke? Kwa sababu alishaona mgongo wa lile tuta. Tope alilolitoa chini likakaushwa na jua lilipasuka, likatoka madoa ya manjano kama bizari, na hata jani moja halikuota juu yake. Mvua ilipolichuruza, miche iliyokuwa karibu ikaungua. Alionja maji yale kwa ncha ya ulimi, makali kama ndimu. Akajua kwamba lile tope likiwa ndani ya maji ni pole, likikauka linageuka sumu.

Basi, ndugu zangu, mwaka uliofuata mpunga ukasimama. Haukuwa mwingi, lakini watoto walikula wali wa shamba lao. Waliocheka wakaja kuomba mbegu.

Na Mbonde naye akaja.

Akaitisha kikao, akasema mbele ya wazee wa ukoo, "Ardhi hii ni ya ukoo. Mwanamke huyu kesho ataolewa, atuletee mume wa nje alime kwetu?" Wazee wakatazama chini. Mmoja akakohoa. Hakuna aliyesema neno. Mmesikia? Wazee, wenye ndevu, wanaoswali, hakuna aliyesema neno! Shamba likachukuliwa.

Mwajabu akasimama. "Shemeji, umechukua. Lakini nakuambia ukweli, usilikaushe. Liache na maji yake."

Mbonde akacheka. "Unataka mpunga wangu uoze kama wako wa kwanza? Umenikosa."

Akachimba mfereji mrefu, wa kina, akaziba mlango wa bahari, akalikausha shamba lote likawa gumu kama uwanja wa mpira. Akajisifu, "Sasa hili ndilo shamba." Ardhi ikapasuka. Madoa ya manjano yakatoka kila mahali. Mvua ziliponyesha, maji kwenye mfereji yakawa mekundu kama kutu, samaki wakaelea matumbo juu. Miche ikaungua yote. Na mfereji ule ulikuwa unapita kando ya mashamba ya wengine, yakaanza kuungua na hayo. Ya wale wazee pia.

Sasa ndipo wakakumbuka kwamba wana midomo! Wakamfuata Mbonde, Mbonde akasema amerogwa na shemeji yake. Kundi zima likaenda mpaka kwa Mwajabu. Walimkuta anapepeta mchele wa kupewa na jirani.

"Tufanye nini?" wakamuuliza.

Mnadhani alisema nini? Mnadhani alisema, "Nimesamehe, twendeni"? Hapana. Aliweka ungo chini, akamtazama Mbonde.

"Kwanza sema mbele ya watu hawa. Lile shamba ni la nani?"

"Shemeji, mambo ya shamba tutayazungumza..."

"La nani?"

Mbonde akatazama huku, akatazama huku. Hakuna aliyemsaidia. "Ni lako," akasema.

"Na lile la juu, la baba wa hawa watoto?"

 Mbonde akasema kwa sauti ndogo, "Mna fungu lenu. Wewe na watoto."

"Wazee, mmesikia?"

"Tumesikia."

Mwajabu akachukua jembe. "Haya. Tuzibe mfereji, tubomoe tuta, tuirudishe bahari. Iingie na itoke mpaka ule ukali uishe. Mwaka huu hatuvuni kitu hapa. Tukiwa na subira, mwakani tutapanda."

Wakaenda. Mbonde alitangulia kuingia kwenye tope, na safari hii kiatu chake yeye ndicho kilichobaki chini. Mwaka ule hawakuvuna, kama alivyosema. Uliofuata, wakapanda.

Habari imekwisha. Sasa tuzungumze sisi.

Mwajabu aliponyang'anywa nimewaona mkitikisa vichwa. Kila mmoja hapa alikuwa Mwajabu. Na mimi nauliza, kama sote ni Mwajabu, kina Mbonde wanaswali msikiti gani? Wale wazee waliokohoa wanakaa safu ya ngapi? Fungu la mjane limetajwa ndani ya Kitabu, hatukuachiwa tuligawe kwa huruma zetu. Lakini sisi tunagawa. Kwetu udongo mzuri, kwao tope. Wakilihangaikia tope mpaka likazaa, tunalifuata na hilo. Halafu tunashangaa mbona mambo yanaungua mpaka kwa jirani asiyehusika!

Anayejua ana shamba, mnazi, kiwanja, au hata chumba kimoja cha mjane au cha yatima, akitoka hapa asipitie nyumbani. Aende kwa mwenyewe, aite na majirani, aseme kwa sauti: hiki ni chako. Atakayebaki kimya huku anajua, naye yumo katika dhuluma hiyo.

Na wewe mama uliyeko nyuma ya pazia, uliyedhulumiwa na umenyamaza kwa kuona haya, Mwajabu alinyamaza mara ya kwanza, ikamponza. Usinyamaze. Baada ya swala nisubiri mlangoni. Nitaikunja hii kanzu, na tutakwenda wote, mimi na wewe, mpaka kwa shemeji yako.