Aliyetafuta Fundi Mwaminifu

Wanangu, alikuwapo bwana mmoja aliyeuza shamba la babake akanunua gari la mbio, jekundu, limekaa chini hata kuku hapiti uvunguni. Likinguruma, mtaa mzima unajua bwana yuko njiani.

Siku moja mvua imenyesha, barabara imefurika. Mkewe akamwambia, "Baba, turudi. Hili si trekta." Yeye akayavamia maji. Gari likakohoa, likazima katikati. Likavutwa kwa kamba hadi nyumbani, akaliosha, likang'aa kama halijawahi kuonana na tope.

Ndipo akaanza kuwauliza majirani kuhusu fundi mwaminifu, akiwatajia mafundi mmoja mmoja. "Yule? Mwachie gari asubuhi, jioni utakuta honi tu!" "Na yule wa sokoni?" "Huyo anatengeneza kimoja, anaharibu viwili ili urudi."

Mwishowe akaelekezwa kwa fundi ambaye watu wote walimsema vizuri, gari likavutwa hadi gereji kwake. Bwana akamkazia macho. "Fundi, sitaki uongo. Nataka mtu mkweli."

"Hata mimi, bosi. Lilizimikia wapi?"

"Nyumbani. Nimelipaki tu."

"Halikupita kwenye maji? Kama liliyanyonya, siliwashi mpaka niyatoe. Nikiwasha yamo, injini inavunjika."

Jamani, si alikuwa amefunguliwa mlango? Neno moja tu! Lakini kwenye benchi wamekaa wateja wengine, wote wanamtazama. Aseme mkewe alimkataza?

"Maji gani, fundi? Mimi mtoto?"

Fundi akawasha. Kah! Mlio mmoja, kisha kimya.

Bwana akaruka. "Umeniua! Nilijua, mafundi wote ni walewale!"

Fundi akatazama maji ya tope yanayochuruzika chini ya injini. Hakupandisha sauti. "Bosi, ulikuja kutafuta mtu wa kumwamini. Mimi nilikuamini wewe."

Sisi je? Tunazunguka tukitafuta mchungaji wa kweli, rafiki wa kweli, mkwe wa kweli. Tukimpata, tunamwambia nini? Tunapiga magoti hapa mbele tuombewe kichwa, kumbe kinachotuumiza ni lile tulilomtendea ndugu yetu.

Mungu haogopi tope, wanangu. Anapouliza ulizimikia wapi, hataki kukuumbua, anataka kukutengeneza. Wewe mama uliyekaa nyuma pale, na wewe baba mwenye koti, kabla hatujainuka kuimba, mwambie ulikopita. Atakutengeneza. Hilo nalisema bila wasiwasi wowote.